VILIMA VYA GUSII NI VYA KIJANI, LAKINI JE, CHEMCHEMI ZAKE ZI SALAMA?

Mgeni afikaye Kisii au Nyamira kwa mara ya kwanza, hasa akiwa ametoka katika nchi kame, husifu sana uzuri wa nchi ile. Migomba imezunguka kila boma, chai imefunika miteremko, na kando ya kila kijito imesimama miti mirefu iliyonyoka. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na kwa mwaka mzima mahali pengi hupata zaidi ya milimita 1,500. Aonapo hayo yote, mgeni husema moyoni mwake kwamba hata nchi nyingine zikipata shida ya maji, nchi hii haitaipata kamwe.

Walakini wenyeji wanazo habari nyingine, na hasa akina mama, ambao ndio wabebao mitungi. Ziko chemchemi ambazo wazee hukumbuka zikitoa maji mwaka mzima, na ambazo siku hizi hufifia mno mwezi wa Januari na Februari. Viko vijito vijaavyo kwa saa chache baada ya mvua ya alasiri, vikawa vyekundu kama matofali, kisha siku ya pili vikarudi kuwa vyembamba. Yafaa kuuliza sababu: imekuwaje nchi yenye mvua nyingi na miti mingi ipungukiwe na maji?

MITO NA WATU WAITEGEMEAO

Mto Gucha, ambao watu wa bondeni huuita Kuja, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira. Hupita Kisii ukipokea vijito vingi njiani, ukaingia Migori, ukaungana na Mto Migori, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria huko Nyatike. Upande wa pili wa Nyamira uko Mto Sondu, ambao huanzia katika msitu wa Mau na kupokea vijito vya Nyamira unapoelekea ziwani.

Wategemeao mito hiyo ni wengi kuliko wale waishio kando ya vijito vyake vya kwanza. Mji wa Kisii hunywa maji ya Gucha yasafishwayo Kegati. Katika maporomoko ya Gogo mto huo uliwekewa mitambo ya umeme katika miaka ya 1950, na Mto Sondu huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu yenye nguvu ya megawati 60. Huko Nyatike wakulima hunywesha mashamba yao kwa maji ya Kuja, na mvua ikizidi huko juu, mto ule ule hufurika na kuwafukuza watu katika nyumba zao. Hivyo shamba likilimwa vibaya Nyamira, hasara yaweza kuonekana Nyatike.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba Gusii haina msitu mmoja mkubwa wa kuhifadhi mito yake, kama vile Mau au Aberdare. Miti ya asili iliyosalia imo katika vipande vidogo vidogo: Nyangweta na Sameta upande wa Kisii, ukingo wa Manga na vilima vya Kiabonyoru upande wa Nyamira, na penginepo juu ya vilele. Sehemu iliyobaki yote ni mashamba ya watu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba ya Kisii, na zaidi ya 600 katika Nyamira. Basi mtu akisema kwamba chanzo cha maji cha Gusii kihifadhiwe, lazima ajue kwamba chanzo hicho ni mashamba ya maelfu ya wenyeji, wala si msitu wenye mlinzi na lango.

JINSI WATAALAMU WAPIMAVYO UDHAIFU WA NCHI

Wataalamu wanapotaka kujua kama chanzo cha maji kimo hatarini, hawaangalii jambo moja tu. Huuliza maswali matatu. Kwanza, nchi hiyo inapigwa na nini: mvua kali, ukame, au watu wengi mno? Pili, nchi yenyewe ni nyepesi kiasi gani kudhurika: mteremko wake ni mkali au ni wa pole, udongo wake hushikamana au huchukuliwa upesi? Tatu, wakaao humo wanao uwezo gani wa kuzuia madhara au kuyatengeneza yakiisha kutokea? Nchi yaweza kupigwa na mvua kali isidhurike, ikiwa imefunikwa vizuri na watu wake wanao ujuzi na nguvu ya kuitunza. Kadhalika nchi ya mvua ya wastani yaweza kuharibika kabisa ikiachwa wazi.

Kuhusu udongo uchukuliwao na maji, iko kanuni moja inayotumiwa pande nyingi za dunia. Ilitolewa na wataalamu wawili wa Marekani, Walter Wischmeier na Dwight Smith, mwaka 1965, wakaitengeneza zaidi mwaka 1978. Kanuni hiyo huzidisha mambo kadha kwa pamoja: nguvu ya mvua, tabia ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, kifuniko cha ardhi, na kazi ya mikono ya watu ya kuzuia mmomonyoko. Kwa kuwa mambo hayo huzidishwa, moja likiwa dogo sana hupunguza jumla yote.

Hapo pana fundisho kubwa kwa mkulima wa Gusii. Mvua hawezi kuiamuru, wala hawezi kukilaza kilima. Udongo wake mwekundu wenye kina kirefu ni udongo mzuri, upenyezao maji vyema ukitunzwa. Lakini kifuniko cha ardhi na kazi ya mikono vimo katika uwezo wake. Na mteremko, ingawa hawezi kuupunguza ukali, aweza kuukata kwa matuta ukawa miteremko mifupi mifupi, maji yasipate nafasi ya kukimbia.

KIJANI KIDANGANYACHO

Siku hizi nchi hupigwa picha kutoka angani na vyombo vizungukavyo dunia. Chombo cha kwanza cha namna ya Landsat kilirushwa mwaka 1972, na tangu hapo picha za miaka mbalimbali huweza kulinganishwa. Kazi hiyo ina faida kubwa, kwa maana huonyesha katika ramani moja miteremko mikali, mito, na mahali palipofyekwa. Lakini katika nchi kama Gusii picha hizo zataka kusomwa kwa uangalifu. Msitu wa asili ni kijani, chai ni kijani, migomba ni kijani, na mikaratusi nayo ni kijani. Mtu akihesabu kijani tu, ataandika kwamba Kisii na Nyamira zimefunikwa vyema. Akishuka chini na kutembea kwa miguu, ataona kwamba vifuniko hivyo havifanyi kazi moja.

Katika msitu wa asili mvua huangukia majani ya juu, kisha vichaka vya chini, kisha takataka za majani makavu, ndipo ifike kwenye udongo ikiwa imepoteza nguvu yake. Udongo wenyewe umetobolewa na mizizi na wadudu, hivyo maji huingia ndani na kutokea polepole chini ya kilima katika chemchemi. Katika shamba la mikaratusi lililobanana, ambalo majani yake makavu huzolewa kwa ajili ya kuni, ardhi ya chini mara nyingi huwa tupu. Matone hukusanyika juu katika majani, yakaanguka kutoka mbali yakiwa mazito, na kuupiga udongo ulio wazi. Kwa picha ya angani pale ni msitu. Kwa chemchemi iliyo chini yake, si msitu.

Pia si kweli kwamba kila mti huongeza maji. Mti wenyewe hunywa, na mti ukuao upesi hunywa sana. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika Afrika ya Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wachunguzi wa kituo cha Muguga, wakiongozwa na Charles Pereira, walipima vijito katika bonde la Sambret karibu na Kericho, ambako sehemu ya msitu iliondolewa ili kupanda chai, na wakavilinganisha na vijito vya bonde jirani lililoachwa na msitu wake. Ilionekana kwamba hatari kubwa ilikuwa wakati ardhi ilipokuwa wazi, kabla chai haijaifunika. Chai ilipokwisha kufunika ardhi, na kwa kuwa matuta na mifereji ilikuwa imetengenezwa kwa utaratibu, bonde halikuharibika kama wengi walivyohofu. Fundisho la Sambret ni kwamba namna ya kupanda na kutunza ardhi ni jambo kubwa sawa na aina ya mmea wenyewe.

MIKARATUSI NA KARO YA SHULE

Habari ya mikaratusi katika Gusii yataka kusemwa kwa haki pande zote mbili. Mti huu hukua upesi, hauhitaji kazi nyingi, na ukikatwa huchipua tena katika kisiki. Viwanda vya chai vya Kisii na Nyamira hutumia kuni nyingi kukausha majani. Wachoma matofali nao wanataka kuni. Wajenzi wanataka fito na mbao. Na nguzo za umeme hununuliwa kwa bei nzuri. Mwenye nusu ekari kando ya kijito, mahali ambapo mahindi huoza kwa unyevu, huona kwamba mikaratusi ndiyo zao lake bora. Wako wazazi wengi waliosomesha watoto wao katika shule za sekondari kwa miti hiyo. Kuwaita watu hao wajinga au wakaidi ni kukosa kuielewa hesabu yao.

Upande wa pili upo ushahidi usiokanushika kwa urahisi. Huko Afrika Kusini, mahali paitwapo Mokobulaan, bonde dogo la nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969, na kijito chake kikapimwa mwaka hata mwaka. Katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilipofikia umri wa miaka 16 ilikatwa yote, lakini kijito hakikurudi mara moja. Ilipita miaka mitano mingine ndipo maji yakatiririka tena mwaka mzima kama zamani. Gusii hupata mvua kuliko mahali pale, kwa hiyo haipasi kudhani kwamba kila kijito kitakauka vivyo hivyo. Lakini jambo la kutia moyoni ni lile la miaka mitano. Uharibifu wa chemchemi huja taratibu usionekane, na kuuponya huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotazamia.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kando ya mito na katika vinamasi iondolewe. Mwaka huo huo Shirika la Misitu la Kenya lilitoa mwongozo wa kupanda mikaratusi mashambani, ukishauri kwamba isipandwe kando ya mito, mabwawa wala vinamasi, bali mahali penye kuifaa. Mahali pengine amri ile ilitiiwa. Mahali pengine miti ilikatwa, ikachipua, ikaachwa. Sababu moja ni kwamba mkulima aliambiwa jambo la kung'oa, lakini hakuambiwa sana jambo la kupanda badala yake.

MASHAMBA YASHUKAYO KAMA UTEPE

Liko jambo jingine ambalo halionekani katika picha za angani, nalo ni mipaka ya mashamba. Tangu zamani shamba la Mgusii lilipimwa kutoka mgongo wa kilima hadi kijitoni, ili kila nyumba ipate mahali pakavu pa kujenga, mahali pa kulima, na mahali pa kunywesha mifugo. Ulikuwa utaratibu wa haki na wa busara. Lakini baba aligawanya shamba kwa wanawe, na wana wakagawanya kwa wana wao, na kila mmoja alitaka afike majini. Hivyo mashamba yamekuwa membamba, yakishuka kilimani kama utepe, na mipaka na vijia vyake vyote huelekea chini. Mvua inyeshapo, vijia hivyo ndivyo viwavyo mifereji.

Kutokana na hayo, tuta la kuzuia maji, ambalo lazima lipite kukata mteremko, haliwezi kuwa la mtu mmoja. Litapita katika shamba la huyu, na la nduguye, na la jirani yao. Mmoja akikataa, maji yatakusanyika kwake na kubomoa kazi ya wote walio chini. Ndiyo maana katika Gusii uwezo wa kustahimili hatari, lile swali la tatu la wataalamu, hauhesabiwi kwa fedha peke yake. Huhesabiwa pia kwa kupatana kwa majirani.

SHERIA NA UPANA WA SHAMBA

Sheria hazikosekani. Kanuni za Kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko uzidio asilimia 35, na kwa miteremko ya kati ya asilimia 12 na 35 zilitaka udongo uhifadhiwe. Ziliamuru pia kwamba mtu asilime ndani ya mita 2 za kijito, na mto ukiwa mpana zaidi, asilime ndani ya umbali ulio sawa na upana wa mto ule, usiozidi mita 30. Baadaye kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo wa mita 6 hadi 30. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliweka lengo la kufunika kwa miti asilimia 10 ya nchi nzima.

Lakini sheria ikifika kwenye shamba la nusu ekari yapasa kutazama hesabu yake. Shamba lenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 100 ni kama nusu ekari. Mwenyewe akiacha mita 6 kando ya kijito, amepoteza sehemu 6 katika kila 100 za shamba lake. Hilo laweza kuvumilika. Akitakiwa kuacha mita 30, amepoteza karibu theluthi. Faida ya ukingo ule huenda kwa mji unywao maji, kwa mitambo ya umeme, na kwa watu wa Nyatike wasiofurikiwa; hasara hubaki kwa mwenye nusu ekari. Maadamu mzigo huo haujagawanywa kwa haki, usishangaze ukaidi. Hapo ndipo serikali za kaunti na mashirika ya maji na umeme wanapo wajibu wao: kumpa mwenye ukingo miche, mbegu na soko, si amri peke yake.

Yako mazao yawezayo kumlipa mtu huyo bila kukausha kijito. Majani ya tembo hushika udongo na kulisha ng'ombe wa maziwa. Mianzi hushika kingo za mto na kukatwa mara kwa mara bila kung'olewa. Miparachichi na migrevilea hufaa juu zaidi, mbali na maji. Mikaratusi yenyewe haina haja ya kufukuzwa nchini. Ihamishwe tu kutoka chemchemini, ipandwe mahali palipo mbali na maji. Visiki vya kando ya kijito lazima ving'olewe au machipukizi yake yaondolewe kila mara, la sivyo kazi ni bure.

KIPIMO CHA MWENYE SHAMBA

Upimaji wa chanzo cha maji si kazi ya wataalamu peke yao. Mwenye shamba yeyote aweza kupima mambo mawili bila gharama.

La kwanza ni mteremko. Achukue fimbo iliyonyoka ya urefu wa mita moja, aweke ncha moja juu ya ardhi upande wa mlimani, na ncha ya pili aielekeze chini ya mteremko akiinyosha sawasawa. Chupa yenye maji nusu ikilazwa juu ya fimbo itamwonyesha kama imenyoka. Kisha apime kutoka ncha ile iliyo hewani hadi ardhini. Sentimita 12 ni mteremko wa asilimia 12. Sentimita 35 ni asilimia 35. Apime mahali kadha, kwa maana kilima hakina mteremko mmoja. Palipo kati ya vipimo hivyo viwili, matuta ya fanya juu yanahitajiwa, na kingo zake zipandwe majani. Palipozidi, jembe liwekwe kando, na mahali pale paachiwe miti na nyasi.

La pili ni chemchemi yenyewe. Mtungi wa lita 20 uwekwe chini ya bomba la chemchemi, na mtu mwenye saa ahesabu sekunde mpaka ujae. Ukijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kila sekunde. Hesabu hiyo iandikwe katika daftari siku moja ya kila mwezi, na hasa mwezi wa Januari na Februari, wakati ambapo maji yatokayo ni yale yaliyowekwa akiba na kilima. Daftari la miaka mitano litasema yale ambayo macho hayawezi kusema: kama chemchemi inashuka, imesimama, au inapona. Shule iliyo karibu yaweza kuishika kazi hii, na watoto wakajifunza hesabu yenye maana.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya mwaka 2016 iliyochukua mahali pake, zimetoa nafasi kwa vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo kwavyo wakaao katika kijito kimoja huweza kukutana na kupatana. Chama kikiwa na daftari la chemchemi na vipimo vya miteremko, kitakwenda mbele ya kaunti kikiwa na ushahidi, si malalamiko. Na mahali ambapo chama hakipo, majirani wa chemchemi moja waweza kuanza wenyewe, kwa kukutana mwezi wa Februari kando ya maji yaliyopungua, na kukubaliana ni visiki vipi ving'olewe kwanza, tuta lipite wapi, na nani atoe miche. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika vilima vya Gusii, ambako mwenye kijito ni watu wengi, ufa huo hauzibwi kwa mkono mmoja.